Dakika Nne

Alojzy alinifungulia geti dogo la wauza tiketi,
akahesabu funguo zake, akasema,
"Ukimaliza, gonga bomba. Nitasikia."

Nilikuja kwa ajili ya ngazi.
Zinajisokota nje ya jukwaa la mashariki
kama ganda la tufaha lililobanduliwa bila kukatika,
saruji tupu, hazina hata nguzo moja,
na aliyezichora, husimulia wazee wa mgodini,
alilala chini yake usiku mbao zilipong'olewa
ili zikianguka, zimwangukie yeye.

Hazikuanguka. Timu ndiyo iliyoanguka,
daraja kwa daraja,
kisha mgodi uliokuwa ukiilipa,
kisha paa la upande wa wageni, Jumanne moja,
hapana mtu.

Novemba ya Silesia. Ukungu umesimama katikati ya uwanja
kama refa aliyesahau filimbi nyumbani.
Nikaifunika lenzi kwa kioo cheusi,
nikafungua,
nikaanza kuhesabu: dakika nne.

Ndipo akatokea na ufagio.
Alianzia juu, kidato baada ya kidato,
majani, mavi ya njiwa, kizibo cha chupa,
akipita mbele yangu bila kuomba radhi,
mwenye nyumba.
Sikumzuia. Naijua tabia ya kioo cheusi:
kisichotulia hakiandiki.

Nilipomwonyesha, ngazi zilikuwepo zote,
yeye hayupo.
Akacheka mpaka kikamshika kile kikohozi cha makaa.
"Miaka thelathini na mmoja nafagia hapa.
Hata mashine yako haijaniona."

"Basi kaa. Dakika nne tu. Usitikisike."
Akaketi kidato cha saba,
akauliza mikono aiweke wapi.

Dakika ya kwanza alikuwa jiwe.
Ya pili, treni ikapita nyuma ya ukuta,
akageuka kuhesabu mabehewa.
Ya tatu akaanza kunieleza goli la Ginter Mrozek,
sabini na nne, mvua, kona kutoka kushoto,
na maneno hayakumtosha:
akainuka nusu, shingo mbele, macho yamefumba,
akaupiga mpira kwa kichwa.

Picha hiyo ninayo mezani.
Viatu viwili, kamba zimefungwa vizuri,
soli zimelika upande mmoja.
Juu yake moshi.
Na palipopaswa kuwa na uso
doa jeupe, limeinamia golini.
Ufagio pembeni, ukutani,
umetulia, kila njiti yake inahesabika.

Gazeti la mkoa liliomba uwanja mtupu
kabla matingatinga hayajafika.
Niliwapelekea ile ya kwanza.
Wakashukuru. Wakasema, upweke ulioje!
Hawakuona
kwamba vidato vya juu havina jani hata moja.