Milio Mitatu

Ilianza Jumanne, theluji imelala kwenye kizingiti cha dirisha.
Nilibonyeza kitufe, kompyuta ikalia,
pii, pii, pii,
kisha kioo kikabaki cheusi tititi.

Baba akaja na soksi mguu mmoja.
Miaka thelathini na moja ametengeneza tramu za Sarajevo,
akijua kwa sikio gurudumu lipi limechoka,
lakini kompyuta hakuwahi kuigusa ila kuipangusa mgongoni.
"Iache ilie tena," akasema. "Anayelia hajafa."

Tukailaza ubavu juu ya meza ya chakula,
juu ya gazeti la juzi, pembeni ya birika la kahawa.
Skrubu nne. Tatu zilitii.
Ya nne ilikuwa imelika kichwa;
Baba akaibembeleza kwa bisibisi, mpira wa kufungia noti
na matusi ya karakana ambayo Mama angemkataza.

Ndani, vumbi zito kama blanketi la hospitali.
Na nywele za paka aliyekufa nikiwa darasa la saba,
zimejisokota kwenye feni, bado za rangi ya chungwa.
Tukanyamaza kidogo.
"Kumbe Mrvica alihamia humu," akasema Baba.

Kijitabu kilisema milio mitatu ni kumbukumbu.
Baba akacheka: mashine nayo imekuwa Shangazi Hajra.
Akachomoa vijiti viwili vyembamba,
akanusa kimoja (ndiyo, alikinusa),
akaomba raba yangu ya shule
akasugua meno yake ya dhahabu, polepole,
kama anavyosugua doa kwenye kola asubuhi ya mazishi.

Kijiti cha kwanza peke yake: kimya, halafu mwanga.
Cha pili peke yake: pii, pii, pii.
Tukakihamishia tundu jingine. Pii.
Cha kwanza kwenye tundu hilohilo: mwanga.
"Mgonjwa ni huyu, si kitanda," akasema,
akakitia mfuko wa shati, asijue cha kukifanyia.

Jumapili tukaenda kwa Mensur,
anayeuza vipuri nyuma ya gari lake sokoni,
diski amezipanga kwenye trei za mayai.
Alitaka marka arobaini kwa vijiti viwili.
Baba akamuuliza goti la mama yake,
binti aliyeolewa Austria, bei ya kuni mwaka huu.
Tulilipa arobaini zilezile,
ila tuliondoka pia na diski isiyozunguka, nyembamba kama kadi ya basi,
na feni ambayo Mensur aliapa haina mdomo.

Usiku ule iliwaka kabla sijaketi vizuri.
Zamani ningebonyeza, nikaoge, nirudi, bado nisubiri.
Sasa hakuna mkwaruzo wa diski,
hakuna feni inayokoroma kama mjomba aliyeshiba.
Nikaweka kiganja kwenye bati nihakikishe ipo hai.
Uvuguvugu tu.

Saa saba usiku mlango ukagongwa.
Baba, soksi mguu mmoja tena.
"Umelala?"
"Nasoma. Mtihani Alhamisi."
Akasimama akiitazama ile mashine
kama mtu aliyeuziwa saa isiyo na mishale.
Miaka sita, akasema, ameisikia kupitia ukutani.
Ikinguruma, binti yupo, anasoma.
Ikizimwa, naye hugeuka ubavu, akalala.
"Leo sikujua nilale saa ngapi."

Akatoka. Nikausikia mlango wa chumba chake, kisha kitanda.
Feni ya zamani ilikuwa bado mezani, juu ya gazeti,
na nywele zake za chungwa.

Nikauacha mlango wazi kidogo,
nikaendelea kuandika, nikizigonga herufi
kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.