Usiku wa Ijumaa

Gazeti la Serikali lilinifikia masjala Jumatano,
likinuka wino na dizeli ya basi.
Nikaligonga muhuri, nikalitoboa, nikalifunga uzi,
kisha nikasoma kifungu cha kwanza, kile ambacho watu hukiruka:
*Sheria Ndogo hizi zitaanza kutumika
siku ya kutangazwa katika Gazeti.*
Juu kulia, kwa herufi za ukubwa wa usubi:
Ijumaa, tarehe sita.

Kumbe ina siku tano tangu izaliwe
na sisi Tanga hatujaiona uso.

Mgambo hawakungoja uso.
Walisikia kwenye kipaza sauti kwamba imepita.
Imepita! Hata mvua hupita,
ikanyesha Muheza, huku tukabaki na vumbi letu.

Jalada la kwanza: Hemedi Sekidele,
msambaza mikate, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu.
Kosa: baiskeli gizani bila taa ya mbele.
Faini elfu hamsini.
Baiskeli yenyewe kituoni, imeegemea ukuta,
kikapuni makombo, na kunguru wameshajua.

Askari aliandika kwa mkono wa haraka:
*Nilimkamata usiku wa Ijumaa, saa mbili.*

Hakimu wetu katoka Iringa, ana miezi mitatu hapa.
Alisoma: Ijumaa. Usiku. Tarehe sita.
Sheria ilikuwa hai, kosa lipo.

Mimi nimelelewa Makorora.
Nilisoma maneno yale yale, nikaona usiku mwingine.
Kwetu jua la Alhamisi likizama, Alhamisi imekwenda nalo.
Usiku hutangulia, mchana wake ukaufuata.
Usiku wa Ijumaa ndio wa ubani na Yasini;
watu huamka nao, wakaoga, wakaenda kuswali.
Askari Kombo, mtoto wa Mwambani, hakusema uongo.
Aliandika kwa kalenda ya mama yake.

Siku ya Serikali huzaliwa saa sita za usiku,
watu wamelala, hakuna mkunga.
Kati ya siku ile na hii yetu kuna saa nne,
na ndani ya saa nne hizo
mtu mmoja alikuwa akikanyaga pedeli.

Niligonga mlango wa hakimu.
"Mwantumu," akasema, "siku ni siku."
"Ndiyo, mheshimiwa. Ila inaanzia wapi?"
Akavua miwani. Akaniangalia kama hesabu iliyokataa kutoka.

Kizimbani akamuuliza Hemedi swali moja tu:
mikate ile ilikuwa ya nani?
"Ya kisomo, kwa kina Mwanasiti.
Mofa thelathini, kila wiki.
Haikufika. Walikunywa kahawa tupu."
Kombo akajikuna shingo.
"Kweli, afande... mheshimiwa. Nilisikia wanasoma."

Hakimu akaandika, akaandika, peni ikagoma.
Nikampa yangu.
Tarehe tano, akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayelipa deni.
Sheria ilikuwa bado haijaanza.
Mshtakiwa aende.

Hemedi hakunishukuru. Tairi la nyuma lilikuwa halina upepo.
Aliinama akaliminya, akaniuliza bila kuinuka:
"Kwa hiyo leo ina nguvu?"
"Leo ina nguvu."
"Na ile ya kulipia kengele?"
"Hiyo ni mpaka Waziri ateue tarehe."
"Ataiteua lini?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Akaikokota kwa mkono kuelekea duka la vipuri,
akaulize taa bei gani.

Nilichelewa kufunga.
Majalada mengine kumi na moja, yote ya baiskeli,
mawili yameandikwa *usiku wa Ijumaa*
kwa mkono ule ule.

Nikashika muhuri, kidole juu ya gurudumu la tarehe,
nikitaka kuliweka tayari kwa kesho.
Nje jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya paa la posta.
Muadhini alikohoa kwanza kwenye kipaza sauti.

Kidole kikasita.