Kulwa na Doto wa Igogo

Niliwabandika majina kwa plasta:
wa juu Kulwa, wa chini Doto,
swichi mbili za tumbo moja, matundu arobaini na nane kila mmoja,
walinzi wa baridi ya sangara
kiwandani Igogo, ziwa likigonga ukuta wa nyuma.

Mwaka wa kwanza walikwenda kwa zamu.
Kulwa akeshe, Doto asinzie jicho moja wazi,
kila sekunde amuulize nduguye: Upo?
Nipo.
Upo?
Usiku ule vidudu vya ziwa vilipoziba feni
(asubuhi nilivikung'uta kama pumba)
Kulwa hakujibu.
Doto akainuka, akavaa anwani ya marehemu,
na mizani ya minofu haikujua kuna msiba.
Sekunde tatu.
Nilitembea kifua mbele mpaka Lugembe wa hesabu aliponiuliza:
"Huyu anayelala, umeme wake tunalipia nini?"

Basi akaja Nyanzala, fundi wa Nyegezi,
na kebo fupi, nene kama kidole gumba.
"Miili miwili," alisema, "kichwa kimoja."
Na kweli. Nenosiri moja, amri moja.
Kila seva ikanyoosha mikono miwili,
mmoja huku, mmoja kule, na yote ikabeba.
Lugembe alininunulia soda.

Kichwa kimoja, homa moja:
hilo sikuliwaza.
Jumapili ya kubadili programu walizima pamoja,
dakika kumi na moja,
akina mama wa minofu wamesimama, visu mkononi,
barafu ikianza kutoa jasho.
Kisha panya akaonja ile kebo.
Kulwa akasema: Mimi ndiye.
Doto akasema: Mimi ndiye.
Jina moja, anwani moja, wote wakali,
na habari za baridi zikizunguka katikati
bila kujua zipige hodi kwa nani.

Mimi ni Shija. Nimezaliwa mgongoni mwa pacha.
Kulwa wetu yuko Ukerewe, Doto yuko Kirumba,
kila mmoja na akili yake, na madeni yake.
Mama alipougua, walibeba wote wawili,
na hakuna aliyejiita mwenzake.

Leo nimeshika bisibisi.
Nataka niwarudishie kila mmoja kichwa chake,
niwaachie kebo ya kupeana habari tu,
na mizigo wagawane.
Nyanzala anasema ni kazi maradufu, kila amri mara mbili.
Najua.
Jioni simu ya Ukerewe italia Kirumba:
Upo?
Nipo.