Kanda la Usufi

Namba za kifuani wametuandikia ZAMU YA USIKO.
Tulijaza fomu vizuri: ZAMU YA USIKU,
maana ndiko tulikokutana, chumba cha kufulia cha hospitali.
Mutheu alicheka mpaka akakaa chini kwenye lami ya Kanab,
mbele ya duka la matairi, saa kumi na moja alfajiri,
baridi ya Utah ikitung'ata masikio.

Tuko wanne: Mutheu, Ngalula, mimi,
na Ammon, ambaye kwa dini yake hanywi kahawa wala chai
na bado huwa macho kuliko sisi sote.

Kanuni waliisoma mara mbili:
saa ya timu ni saa ya wa mwisho.
Siku tano. Chakula chako mgongoni, kitanda chako mgongoni.
Utapewa maji na kivuli cha turubai, basi.

Wa mwisho ni mimi. Nisiwazungushe.

Siku ya kwanza mchanga ulikuwa wa waridi, tukaupiga picha.
Siku ya pili ulikuwa ndani ya soksi,
ndani ya meno,
ndani ya jina la mtu ukimwita.

Kazini mashuka hukunjwa na wawili.
Shika pembe zako, nishike zangu,
tuvute, tukung'ute, tusogeleane
mpaka vidole vikutane.
Jangwa hili ni shuka lililotandazwa
na sioni aliyeshika upande wa pili.

Siku ya tatu ukucha wa kidole gumba
ulitoka kama ganda la karanga.
Daktari akatoboa malengelenge, akapaka dawa ya kahawia,
akaniuliza kama nina watu.
Nikamwonyesha kwa kidevu: wale watatu,
wanaojifanya kufunga kamba za viatu.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Usiku ule Ngalula alikwenda nyuma ya mreteni kujisaidia.
Nikaunyanyua mkoba wake kwa mkono mmoja, niusogeze tu nilale,
ukanivuta chini.
Ndani: karanga zangu, pakiti sita.
Wali wangu mkavu.
Sweta langu la pili, lile nililodhani nimelisahau kambini.
Kwa Ammon nikaona sufuria yangu.
Kwa Mutheu sikutazama.

Na mimi siku mbili nzima nikijisifu kimoyomoyo:
aisee, mwili umezoea, mkoba umekuwa mwepesi!

Nikarudisha kila kitu nilivyokikuta. Nikafunga zipu polepole,
jino kwa jino,
mbwamwitu wa kule wakilia ng'ambo ya korongo.
Alfajiri nikauvaa mkoba wangu mwepesi
na sikusema neno.

Ningependa kuandika kwamba nilinyamaza kwa heshima.
Nilinyamaza kwa sababu ya goti.

Siku ya nne, ndefu kuliko zote, Mutheu alinifunga kamba ya mpira kiunoni,
akatangulia akihesabu foronya kwa Kikamba,
foronya za kuwaziwa, mia, mia mbili,
na kila mia akigeuka
kuona kama bado niko kwenye ncha yangu.
Jua lilipozama tukawasha taa za vichwa.
Mbele yangu duara tatu ndogo za mwanga,
zikipunguza mwendo kila nilipopunguza,
zikikohoa, zikisingizia kiu.

Tulifika Kanab siku ya tano, wa kumi na tisa kati ya timu ishirini na mbili.
Mpiga saa alinitazama mimi tu.
Akabonyeza.

Jumatatu, saa nne usiku. Mashine zinanguruma.
Naburuta mguu, Ngalula anaburuta bega.
Kabla hajaingia nimetia pakiti sita za karanga
kwenye mfuko wa aproni yake.
Ananirushia pembe mbili za shuka.
Mkono wake unapita mfukoni, unasimama kidogo,
unarudi kwenye pindo.

Hasemi kitu.
Anavuta.
Navuta.