Kijiko cha Tani Tano

Mipaini imekwenda, lori kwa lori, hadi Mafinga,
imeniachia visiki mia nne na kumi na viwili.
Nimevihesabu mwenyewe kwa chaki, ukungu haujanyanyuka,
ndani ya buti za marehemu, zinazonizidi vidole viwili.

Kwenye yadi ya Nyololo, Chengula alinipokea kwa soda.
"Mama, chukua hili la tani ishirini.
Kwake kisiki ni jino la mtoto."
Kweli lilipendeza: la njano, linang'aa,
mkono mrefu kama hotuba ya mgeni rasmi.
Nikauliza linakunywaje. Akacheka.
Linakunywa dizeli kama msiba unavyokunywa chai.
Nikauliza litavukaje daraja letu la magogo.
Hakucheka.

Nyuma, karibu na choo, kalisimama kadogo,
tani tano, rangi imebabuka,
mnyororo mpya upande mmoja tu.
Dereva wake, Tulinagwe, binti wa Tukuyu asiye na maneno,
aliniuliza nilichotaka kuulizwa tangu asubuhi:
"Vilikatwa lini?"
Mwaka juzi, masika.
"Basi mizizi myembamba imeshaoza. Hapo hatung'oi kwa hasira.
Tunakata pembeni, upande huu, upande ule,
halafu tunakibembeleza."

Chengula alikuwa bado anataja nguvu za farasi.

Sikumwambia mtu kwamba kuna kisiki sikukitia chaki.
Kiko mpakani, nusu kwangu, nusu kwa shemeji Kihwele,
ambaye tangu siku ile ya kupima magogo
hunisalimia kwa kukohoa.
Lile kubwa likigeuka pale, mkia wake
utalala kwake, na mimi nitalala barazani kwa mtendaji.

Nikachukua kadogo. Siku kumi na nne badala ya nne.
Hesabu inaniuma, sitadanganya;
usiku naigeuza kama mgonjwa kitandani.
Lakini udongo haukanyagwi ukawa tofali,
na miparachichi, niliambiwa, haipendi miguu iliyolowa.

Jana, siku ya tatu, Tulinagwe alizima injini mpakani.
Kimya kikatujia na harufu ya utomvu.
Shemeji alikuwa upande wa pili, mikono nyuma,
anayatazama mashimo yangu moja moja,
kama mtu anayesoma barua ya mwenzake.

"Kwa saa," akasema, "hako kanachukua shilingi ngapi?"

Hakukohoa.