Neno la Kutafutia

Chumba cha chini, Upanga. Kiyoyozi kinadondosha
ndani ya ndoo ya rangi. Mashine inapitisha mwanga
juu ya ukurasa, kama mtu apigaye pasi usiku
asiwaamshe watoto.

Juzuu ya tatu, toleo la pili.
Mchwa walitutangulia kusoma:
wamekula jedwali zima, wakaacha hitimisho.
Nyamizi anakata gundi ya mgongo kwa wembe,
anahesabu kurasa kwa Kinyamwezi, kimoyomoyo,
akikosea anarudi mwanzo.

Kompyuta haijui kusoma. Inakisia.
Wino uliofifia uliwageuza mbu kuwa mba,
na kwa wiki mbili, katika maktaba yetu,
malaria ya Dar es Salaam ilienezwa na mba.
Shomvi alicheka hadi akavua miwani.
Kisha akakaa, akasahihisha, mbu mmoja mmoja,
mia nne na kumi na wawili,
huku mmoja, wa kweli, akimla kisigino.

Umeme ukakatika.
Ukarudi. Tukaanza upya.

Mhasibu alishuka na fomu: nani atatafuta humu?
Ofisini kwake kuna kalenda yenye methali,
mali bila daftari hupotea bila habari.
Nikamwuliza, na daftari lisilopekulika?
Akaandika: *watumiaji mbalimbali.*
Mimi nilimwaza mtu mmoja tu,
zamu ya usiku, maabara ya Temeke,
sampuli mezani haifanani na picha ya kitabuni,
naye anabonyeza maneno matatu kwa kidole kimoja.

Jana, kwenye makala ya kina cha mto Msimbazi,
pembeni mwa mchoro, kwa penseli,
mwandiko uliolalia kushoto:
*Si kweli. Maji yalifika dirishani. Nilikuwepo.*
Hakuna jina. Hakuna tarehe.
Mashine ilipita hapo, ikaona uchafu,
ikausafisha.

Nikaurudisha ukurasa kwenye kioo.
Nikafungua safu isiyokuwamo kwenye mwongozo,
nikaiita Pembeni,
nikanakili yote, nukta kwa nukta.
Shomvi akaniangalia. Hakusema kitu,
akaiunganisha na faharasa.

Leo asubuhi, ndoo haijamwagwa,
nimeandika kwenye kisanduku: *nilikuwepo.*
Kurasa elfu kumi na tisa zimepekuliwa
kabla sijameza funda la chai.

Jibu moja.