Maili Thelathini na Saba

Marlys Kucera amepiga magoti nyuma ya gari langu,
anapitisha sarafu kwenye kashata za tairi.
Sarafu haizami.
"Kipara," anasema, kama daktari aliyezoea,
anafuta mkono kwenye suruali,
kisha ananiuliza swali ninalolikwepa tangu theluji iyeyuke:
ngumu tena, au laini?

Ngumu ni zile zilizokuja na gari.
Mbavu zake nene, hazijali msumari.
Upepo ukiisha wote, taa ya manjano inawaka
nawe unaendelea, maili hamsini, taratibu,
umekalia mpira mtupu.
Bei yake? Nimewahi kuuza ndama kwa bei hiyo.
Na kila ufa wa lami
unaupigia hodi uti wa mgongo.

Laini ni nusu bei. Zinanyamaza,
zinapita juu ya kokoto kama paka juu ya blanketi.
Ila gari hili halina spea.
Pale ambapo spea ingelala wahandisi wameweka betri,
na kishimo kinachotosha kofia moja.
Ukipata pancha una chupa ya gundi,
pampu ndogo ya kuchomeka,
na dua.

Naifikiria barabara ya Mullen kwenda Valentine:
maili sabini na nne za vilima vya mchanga,
ng'ombe wengi kuliko watu, simu bila mtandao.
Nimefundisha hesabu miaka thelathini, siwezi kujizuia.
Katikati ni maili thelathini na saba.
Thelathini na saba ni pungufu ya hamsini.
Popote msumari utakaponikuta
kuna mji nitakaoufikia.
Ningekuwa peke yangu, hesabu ingeishia hapo.

Lakini kuna nyonga ya Ione,
ile mpya, ya chuma, aliyowekewa Omaha mwezi Februari.
Tangu hapo kila daraja nalipunguzia mwendo,
namsikia akibana pumzi kabla hatujaligusa.

"Laini," namwambia Marlys.

"Nani kakutuma?"
Ione yuko kwenye benchi na kahawa mbaya ya gereji,
anasoma kalenda ya mwaka juzi. Hainui macho.
"Usiku ule wa Oktoba, tulipovuka Loup,
ulijua kwamba tairi imekwisha?"

Sikujua. Ile taa niliiona baadaye sana.
Nilidhani ni upepo wa ubavuni.

"Mimi nilijua. Nikanyamaza.
Nilitaka kuona itatufikisha wapi."

Marlys anaviangalia viatu vyake.

"Andika ngumu," Ione anamwambia.
"Nyonga ni yangu. Nitakuja na mto wa kukalia."

Zitafika Alhamisi.
Gari tumeliacha juu ya vibao, limening'iniza miguu,
tunarudi na pikapu ya kuazima inayonuka majani makavu.
Baada ya maili kumi namuuliza alijuaje.
"Tazama mbele," anasema,
na mkono wake
unashika dashibodi kabla ya daraja.